Ngazi za Ukumbi wa Chesi

Majuzi nilikwenda kutazama mashindano ya sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, hapa Dar es Salaam. Ukumbi uko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mchezaji mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa na wenzake mpaka juu, jasho likiwatiririka. Alipofika mezani, magoti hayakuingia chini ya meza. Akacheza amekaa upande upande. Jamani, mchezo wa kukaa na kufikiri umeshindwaje na ngazi?

Basi nikaanza kuchimba historia. Wasioona walijipanga mapema. Kwenye ubao wao miraba myeusi imeinuliwa kidogo, kila mraba una tundu, na kila kete ina kijiti chini yake, ili mtu apapase bila kuangusha kitu. Kete nyeusi zina alama ya kutambulika kwa vidole. Mwaka 1951 kikaanzishwa chama chao cha kimataifa, IBCA, na mwanzoni walicheza kwa barua. Barua haipandi ngazi! Mwaka 1961 wakakutana ana kwa ana mjini Meschede, Ujerumani Magharibi, kwenye olimpiadi yao ya kwanza.

Leo sheria za FIDE, shirikisho la dunia, zinamruhusu asiyeona kutumia ubao wake sambamba na ule wa kawaida, na kila kete ikisogezwa inatangazwa kwa sauti. Asiyeweza kusogeza kete anaruhusiwa kuja na msaidizi. Tena Thomas Luther, Mjerumani aliyezaliwa na viungo vifupi, alikuwa grandimasta tangu 1994, kwa hiyo habari za "hawawezi" zilishakufa.

Ila kwa maoni yangu wakubwa walirekebisha kilicho juu ya meza, wakachelewa kuutazama mlango. FIDE iliundwa Paris mwaka 1924. Olimpiadi yake ya kwanza ya watu wenye ulemavu kuchezwa ukumbini ilifanyika Belgrade, 2023. Piga hesabu mwenyewe.

Nilimuuliza mwandaaji mmoja kwa nini wasikodi ukumbi wa chini. Akasema hakuna aliyewahi kulalamika. Yule kijana alishinda mechi mbili siku ile. Jioni wenzake waliombeba walikuwa wameshaondoka, tukamshusha mimi na mlinzi.