Tarehe ya Ukuta wa Lucca

Asili ya Lucca, mji wa Italia, ni koloni ya Warumi ya mwaka 180 kabla ya Kristo, nao ndio waliouzungushia mji ukuta wa kwanza. Wa pili ulisimama karne ya 13. Hizo kuta mbili hazina ubishi.

Wa tatu ndio wenye maneno. Mgeni anayepanda leo karibu na lango la San Pietro hukuta njia pana yenye miti, watoto juu ya baiskeli, wazee kwenye mabenchi, na mapaa mekundu ya mji kwa chini. Akiuliza ni nani aliyeleta starehe hii, huenda akatajiwa Elisa, dada yake Napoleon. Sivyo hata kidogo.

Ukuta huu ni wa Jamhuri ya Lucca, yaani wa matajiri wa hariri waliomwogopa Mungu kwanza na Florence pili. Kazi ilianza mwaka 1504, ikachukua karibu karne moja na nusu. Mafundi wengine waliajiriwa kutoka nje, akiwemo Francesco Paciotto wa Urbino. Ulipokwisha, ulikuwa na mzunguko wa kilomita 4.2, buruji 11, kimo cha mita 12 na kitako cha mita 30: nje matofali mekundu, ndani udongo ulioshindiliwa, ili tufe la mzinga lizame badala ya kubomoa. Ndani ya buruji mna vichochoro vya giza, ambamo askari walipita kwenda nje bila kuonekana.

Na hao watu wa Florence walistahili kuogopwa. Mwaka 1430, enzi za ukuta wa pili, walimleta Filippo Brunelleschi, yuleyule aliyekuwa akijenga kuba la kanisa lao kuu, auzuie mto Serchio ili maji yaizamishe Lucca. Tuta likajengwa. Usiku watu wa Lucca wakatoka wakalibomoa, maji yakaingia kambi ya Florence. Hesabu zote zile, na waliolowa ni wenyewe!

Ukuta mpya haukupata kuzingirwa na jeshi hata siku moja. Aliyeujaribu ni Serchio, mwaka 1812: mto ulifurika, malango yakafungwa, mji ukaokoka. Wazee husimulia kwamba Elisa alikuwa nje, na kwa kuwa lango halikuweza kufunguliwa, alipandishwa juu ya ukuta kwa winchi kama shehena ya bandarini.

Elisa huyo alikabidhiwa Lucca na kaka yake mwaka 1805. Alichoufanyia ukuta ni kuutoboa, mwaka 1811, apate lango lenye jina lake. Maria Luisa wa Bourbon, aliyekuja kutawala baada yake mwaka 1817, aliugeuza mahali pa matembezi. Sifa hiyo apewe.

Mwaka 1866 halmashauri ya mji iliununua ukuta kutoka kwa serikali ya Italia. Hivyo watu wa Lucca wameulipia mara mbili, na akina Bonaparte hata mara moja.