Bomu Lililofichwa Ndani ya Faili

Novemba 1961, wiki chache baada ya Umoja wa Kisovieti kulipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kujaribiwa, filamu ya Kiingereza iitwayo The Day the Earth Caught Fire ilianza kuonyeshwa London. Mwongozaji wake, Val Guest, hakuwa na fedha za kujenga miji ya kubuni. Sehemu kubwa ya kisa inatukia katika chumba cha habari cha Daily Express, na mhariri anaigizwa na Arthur Christiansen, ambaye kweli aliwahi kuwa mhariri wa gazeti hilo.

Marekani na Wasovieti wanafanya majaribio ya nyuklia kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa dunia. Dunia inatoka katika njia yake na kulisogelea jua. Mto Thames unakauka. Maji yanatolewa kwa mgao.

Wengi huikumbuka kwa joto hilo. Kwa maoni yangu, kiini chake ni swali la nani ana haki ya kujua. Serikali inazo takwimu, lakini inawatuliza wananchi kwa maneno matamu. Ukweli unavuja kupitia kwa Jeannie, karani wa Idara ya Hali ya Hewa, anayemdokezea mwandishi wa habari. Malipo yake ni kuwekwa kizuizini.

Je, hayo yalikuwa ya kubuni tu? Oktoba 1957, tanuri la Windscale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lililozalisha plutoniamu ya mabomu, lilishika moto. Maziwa ya mashamba yaliyoenea takriban kilomita za mraba 500 yalimwagwa. Waziri Mkuu Harold Macmillan alitoa muhtasari tu, akaizuia ripoti kamili ya uchunguzi ulioongozwa na William Penney, kwa hofu kwamba Wamarekani wangesita kushirikiana na nchi yake katika silaha hizo. Ripoti hiyo ilifunguliwa mwaka 1988. Mtoto aliyezaliwa siku ya moto ule alikuwa na miaka thelathini.

Filamu inaishia na kurasa mbili za mbele zilizokwisha kuandaliwa: moja yatangaza kuokoka kwa dunia, nyingine kuangamia kwake. Hatuambiwi ni ipi itakayochapwa.

Ndugu msomaji, kama unafanya kazi ofisini, huenda mezani pako pana faili lililogongwa muhuri wa “Siri”. Kabla ya kulifunga, jiulize: siri hii inamlinda mwananchi, au inamlinda mkubwa dhidi ya mwananchi?