Mimba ya Kwanza: Habari za Mbu na Kifafa cha Uzazi

Wazee wetu waliijua mimba ya kwanza kuwa na hatari yake. Katika jamaa nyingi, mke kijana akishika mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake, apate kujifungua mbele ya macho yake. Lakini asili ya hatari hiyo hawakuijua. Mja mzito akivimba uso na miguu, kisha akaanguka kifafa, ilisemwa kwamba amepagawa, akaitwa mwenye kupunga pepo.

Wala tusiwacheke. Ulaya nako kifafa hicho kilikuwa fumbo. Mwaka 1843 daktari John Lever wa London aliuchemsha mkojo wa wanawake waliopatwa nacho, nao ukaganda mfano wa ute wa yai. Dalili ya pili ilingoja chombo. Mwaka 1896 Mwitalia Riva-Rocci alitengeneza ukanda wa mpira wa kufunga mkononi na kupimia nguvu za damu; mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaonyesha namna ya kuusikiliza mshipa wa damu chini ya ukanda huo. Ndipo ilipofahamika kwamba shinikizo la damu hupanda kabla ya kifafa, kama vile paa litoavyo moshi kabla ya kuwaka.

Habari za mbu zilikwenda njia nyingine. Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa, alikiona kijidudu cha malaria katika damu huko Algeria mwaka 1880. Ross akakikuta ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Basi watu wakadhani damu ya kidole yatosha kusema yote. Haitoshi. Mwaka 1915, huko Panama, daktari Clark aliitazama kwa darubini damu ya kondo la nyuma, akaona vijidudu tele kwa wazazi ambao damu yao ya kidole ilionyesha vichache tu. Mwaka 1938 Garnham, aliyefanya kazi Kenya, naye aliandika habari za makondo yenye malaria. Fikiri, msomaji: mama hana homa, anatwanga na kuteka maji kama desturi yake, na mahali pale mtoto apatapo chakula pamejaa adui.

Kwa nini mimba ya kwanza? Jibu lilingoja hata mwaka 1996, Fried na Duffy walipoonyesha kwamba vijidudu hivyo hujishikiza katika kondo kwa kitu kiitwacho kondroitini salfeti A. Mwili ambao haujapata kuwa na kondo haujapata kupigana na vijidudu vya namna hiyo, ijapokuwa umeugua malaria tangu utotoni. Mimba za baadaye huikuta kinga imekwisha anza.

Na kifafa cha uzazi nacho hupenda mimba ya kwanza. Mimi hustaajabu kwamba habari mbili zilizofanana hivi zilikaa mbali mbali miaka mingi, mmoja akipima mkono, mwingine akiinamia darubini. Zilikutana Muheza, katika nchi ya Tanga. Mwaka 2003 ilikuwa imekwisha julikana Marekani kwamba kondo la mwenye shinikizo humwaga katika damu protini moja kupita kiasi, nayo huidhuru mishipa ya mama. Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza wazazi wa Muheza walitangaza kwamba protini hiyo hiyo iliongezeka kwa wenye mimba ya kwanza waliokuwa na malaria katika kondo. Na kwa wale wa miaka 18 hata 20, malaria hiyo iliandamana na shinikizo la damu. Kuandamana si kuzaa, kwani wako wengi wapatao kifafa cha uzazi katika nchi zisizo na malaria kabisa.

Siku hizi zahanati zetu humpa mja mzito vidonge vya SP avimeze mbele ya mwuguzi, na mkono wake hufungwa ukanda ule wa Riva-Rocci. Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza vidonge alivipata, ila ukanda ulikuwa umepasuka, akaambiwa arudi juma la pili. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hatukungoja, tulikwenda siku ile ile mpaka zahanati nyingine, mwendo wa saa tatu, akapimwa.