Vipokea sauti visivyo na waya vikitoa sauti upande mmoja: mwongozo kwa wanaonunua mzigo Kampala

KAMPALA – Mfanyabiashara mdogo anayefuata vifaa vya simu katika maduka ya Kampala hukutana na kisa hiki mara kwa mara. Anafika Busia, Mutukula au Katuna, mteja anafungua boksi jipya, anavaa vipokea sauti vya masikioni, na sauti inatoka sikio moja tu. Wengi huhesabu jozi hiyo kuwa mbovu na huiuza kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, mara nyingi kipande kilicho kimya hakijafa. Huenda hakina chaji, kimepotezana na mwenzake, au simu yenyewe imewekwa vibaya.

Makala hii inaeleza hatua za kufuata, moja baada ya nyingine. Nyingi hazihitaji fundi, na zinaweza kufanyika palepale kaunta kabla mzigo haujafungwa.

HASARA YAKE NI KIASI GANI

Tuchukue mfano. Umenunua jozi 20 kwa shilingi 30,000 za Uganda kila moja, yaani umetoa shilingi 600,000. Ukiuza kila jozi kwa thamani ya shilingi 35,000 utapata shilingi 700,000, na faida itakuwa 100,000 kabla ya nauli na ushuru. Jozi mbili zikishindikana, zitabaki 18 zenye thamani ya shilingi 630,000. Faida imeshuka hadi 30,000, na nauli bado hujaitoa.

Kuzirudisha nako kuna gharama. Kutoka Kampala hadi Busia ni karibu kilomita 200, hadi Mutukula ni zaidi ya 200, na hadi Katuna ni zaidi ya 400. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kula bei ya jozi hizo mbili. Hivyo basi, dakika chache za kukagua mjini zina thamani kuliko ahadi ya kubadilishiwa baadaye.

KWA NINI UPANDE MMOJA HUNYAMAZA

Vipokea sauti vya aina hii, ambavyo wauzaji wengi huviita AirPods hata vikiwa vya chapa nyingine kabisa, ni vifaa viwili vinavyojitegemea. Kila kipande kina betri yake, redio yake ya Bluetooth na spika yake. Hakuna waya unaoviunganisha.

Katika aina nyingi, simu hutuma muziki kwa kipande kimoja ambacho ni mkuu, nacho humpasia mwenzake sehemu yake. Aina nyingine zimeundwa ili kila kipande kipokee moja kwa moja kutoka kwenye simu. Kwa vyovyote vile, vipande hivyo viwili ni lazima vitambuane kwanza. Utambuzi huo ukikatika, kimoja kitaendelea kuimba na kingine kitakaa kimya ingawa ni kizima.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kipande kilicho kimya ni kibovu, au kimeachwa nyuma tu? Hatua zifuatazo zitakupa jibu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Angalia karatasi ya plastiki. Jozi mpya nyingi huja na kipande chembamba cha nailoni au stika juu ya vidoti vya chuma vya kuchajia, ili betri isiishe njiani kutoka kiwandani. Ikibandukwa upande mmoja na kusahaulika upande wa pili, kipande hicho hakitachaji kamwe. Chomoa vyote viwili, tazama chini ya kila kimoja na ndani ya kasha, kisha bandua kila kilichobaki.

2. Chaji kwa muda wa kutosha. Rudisha vipande kwenye kasha, unganisha kasha na chaja, na subiri kama nusu saa. Betri ya kipande kimoja ni ndogo mno, hivyo mzigo uliokaa ghalani kwa miezi unaweza kuwa umeisha chaji upande mmoja kabla ya mwingine. Tazama taa ndogo kwenye kila kipande, kama ipo. Kimoja kikiwaka na kingine kisiwake, safisha vidoti vya chuma kwa kitambaa kikavu au pamba yenye tone la spiriti, kisha kirudishe na ukibonyeze kidogo kikae vizuri. Vile vipini vidogo ndani ya kasha vina springi. Kimoja kikikwama chini, chaji haipiti.

3. Jaribu kwa simu nyingine. Pande zote mbili zikiimba kwenye simu ya pili, vipokea sauti ni vizima na tatizo liko kwenye simu ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya simu hiyo, sehemu ya ufikivu, utafute uwiano wa sauti kati ya kushoto na kulia. Mshale ukiwa umesukumwa upande mmoja, urudishe katikati. Simu za Android na iPhone zote zina mpangilio huu, na ni rahisi mtu kuugusa bila kujua, hasa kwenye simu ya mtumba iliyopita mikononi mwa watu kadhaa.

4. Jaribu kipande kilicho kimya peke yake. Acha kizima ndani ya kasha na ufunge. Toa kile kilicho kimya, kiunganishe na simu, cheza muziki. Katika aina nyingi kila kipande kinaweza kufanya kazi peke yake. Kikiimba, basi spika, betri na redio yake ni nzima. Kilichopotea ni mawasiliano na mwenzake, na hatua ya tano itamaliza kazi. Kikikataa kabisa, ruka hadi hatua ya sita.

5. Viunganishe upya. Kwanza ingia kwenye orodha ya Bluetooth ya simu na uisahaulishe jozi hiyo. Ikiwa jina linaonekana mara mbili, au moja la kushoto na moja la kulia, futa yote mawili. Halafu zima Bluetooth ya simu. Hili ni muhimu, kwani simu ikibaki wazi kipande kimoja kitaikimbilia kabla hakijamwona mwenzake.

Sasa toa vipande vyote viwili na ubonyeze au uguse vyote kwa pamoja kwa sekunde 5 hadi 10 mpaka taa zipepese. Aina nyingine zina kitufe kwenye kasha, nacho hubonyezwa vipande vikiwa ndani na kifuniko kikiwa wazi. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi ndiyo inayosema ni njia ipi. Virudishe kwenye kasha, funga, subiri kidogo, kisha vitoe vyote kwa wakati mmoja. Mara nyingi utaona taa ya kimoja imetulia au imezima, na ya kingine inaendelea kupepesa. Hiyo ni dalili kwamba vimeshaonana na sasa vinaisubiri simu. Washa Bluetooth na uchague jina moja tu.

6. Safisha wavu wa sauti. Kwa jozi iliyokwisha kutumika, nta ya sikio na vumbi huziba wavu mdogo wa spika, na sauti hupungua polepole hadi kuonekana imekufa. Ng'oa mpira wa sikio na uuoshe peke yake, uuache ukauke kabisa. Wavu uuswaki kwa mswaki laini na mkavu huku kipande kikitazama chini ili uchafu udondoke. Usitumie pini wala sindano, kwani utautoboa wavu na kuusukumia uchafu ndani. Usipulizie maji.

7. Kama kimenyeshewa au kina jasho, kifute, kiache nje ya kasha mahali pakavu penye hewa hadi kesho yake, na usikichaji kikiwa na unyevu. Kukifukia ndani ya mchele hakusaidii. Vumbi la mchele huingia kwenye matundu.

MAMBO AMBAYO SI UBOVU

Baadhi ya malalamiko ya wateja hayahitaji matengenezo. Aina kadhaa za zamani hutoa sauti ya simu ya kuongea upande mmoja tu, lakini muziki hucheza pande zote mbili. Aidha, nyimbo za zamani zilirekodiwa ala moja ikiwa upande huu na sauti ya mwimbaji upande ule. Kabla ya kuhukumu, jaribu nyimbo mbili tatu tofauti.

Vilevile, sauti inayokatika-katika upande mmoja katikati ya umati huenda ni msongamano wa mawimbi. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, na mwili wa binadamu huyazuia. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia, sikio la kushoto ndilo huumia kwanza. Ihamishe simu mfuko mwingine na usikilize tena.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Katika majengo ya maduka ya katikati ya mji kama Mutaasa Kafeero, simu na vifaa vyake hujazana kaunta kwa kaunta, na jozi nyingi zina jina lilelile la Bluetooth. Fungua jozi moja kwa wakati mmoja. Ukifungua tano pamoja, simu yako inaweza kushika kushoto ya jozi hii na kulia ya jozi ile.

Tatizo jingine ni simu ya muuzaji. Akiwa amekuonyesha kwa simu yake, kipande kimoja kinaweza kuendelea kuishikilia hiyo hata ukiwa umekiweka sikioni mwako. Mwombe azime Bluetooth yake kwanza. Neno la heshima hufungua mlango: "Ssebo, naomba tuvijaribu vyote kwa simu yangu, kisha nilipe." Kwa mama au dada, sema nnyabo. Muuzaji anayejua mzigo wake ni mzuri hatakataa.

Kwa kila jozi fanya mambo manne: hakikisha taa zinawaka pande zote, sikiliza kushoto peke yake, sikiliza kulia peke yake, kisha sikiliza zote pamoja. Usichanganye vipande vya jozi mbili. Kushoto ya boksi moja na kulia ya boksi jingine, hata kama ni chapa na rangi ileile, huenda zisitambuane mpaka ziunganishwe upya, na zikiwa za matoleo tofauti huenda zisikubaliane kabisa.

RISITI, DHAMANA NA MPAKA

Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayogusa pia ubora wa kitu kinachouzwa. Lakini kwa bidhaa ya bei ndogo, kinachokuokoa haraka ni makubaliano ya kaunta. Uliza kabla ya kulipa: kipande kimoja kikinyamaza, nabadilishiwa kwa siku ngapi, na nani anaweza kuniletea? Jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na idadi na aina. Risiti ya EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ni ushahidi mzuri wa duka na tarehe.

Ikumbukwe kwamba cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Vipokea sauti vilivyotengenezwa China havipati nafuu hiyo eti kwa sababu vimenunuliwa Kampala. Tangaza mzigo na ubaki na karatasi.

Kuhusu bidhaa za kuigiza, tahadhari ni kubwa zaidi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na nchini Tanzania Tume ya Ushindani ndiyo inayofuatilia bidhaa bandia. Mzigo wenye nembo ya uongo unaweza kukamatwa wote, mzima na mbovu.

IKISHINDIKANA

Ikiwa kipande kimekataa kuchaji, kimekataa kuimba peke yake na kimekataa kwenye simu mbili, basi betri, spika au saketi yake imekufa. Kwa jozi ya bei nafuu, gharama ya fundi mara nyingi hulingana na bei ya jozi mpya, kwa sababu vipande hivi hugundishwa kwa gundi na kuvifungua huviharibu. Kwa jozi ya bei ghali, uliza kama chapa husika inauza kipande kimoja cha toleo lilelile.

Usiifunge upya jozi hiyo ndani ya boksi na kumpa mteja kama nzima. Iuze kama kifaa cha sikio moja kwa bei yake, ukimweleza mnunuzi wazi. Kipande kilichovimba au kinachopata moto wakati wa kuchaji kitoe sokoni kabisa; ndani yake mna betri ya lithiamu, hivyo usikitoboe wala kukichoma na takataka.

KWA UFUPI: bandua plastiki, chaji nusu saa, badili simu, jaribu kipande kimya peke yake, futa na uunganishe upya, safisha. Katika mfano wetu wa hapo juu, kuokoa jozi moja tu kati ya zile mbili kunarudisha faida kutoka shilingi 30,000 hadi 65,000. Fanya kazi hiyo ukiwa bado Kampala, ambapo muuzaji yuko mbele yako na jozi nyingine iko rafuni.