Wafransisko wa Meksiko na Vijana wa Tlatelolco

Mji wa Tenochtitlan uliangukia mikononi mwa Mhispania Hernán Cortés mwaka 1521. Mwaka 1523 akaja Bruda Pedro de Gante kutoka Flanders, akakaa Texcoco akijifunza Kinahuatl, lugha ya Wanahua wenyeji. Mei 1524 wakashuka pwani ya Veracruz Wafransisko 12, mkuu wao Martín de Valencia. Wakapanda bara kwa miguu, pekupeku, na walipofika Cortés akawapigia magoti mbele ya wakuu wa Kinahua.

Misheni zikaota upesi: Texcoco, Tlaxcala, Huejotzingo. Waliobeba mawe ni wenyeji, na mengi yalitoka katika mahekalu yao wenyewe yaliyobomolewa. Wana wa wakuu wakalazwa shuleni, kisha wakatumwa kuvunja sanamu zilizoabudiwa na wazazi wao. Huo ulikuwa ukatili, hata kama aliyeuamuru alikuwa maskini wa kweli. Mwaka 1539 Askofu Juan de Zumárraga, naye Mfransisko, alimhukumu Don Carlos, mmoja wa wakuu wa Kinahua wa Texcoco, akachomwa moto hadharani.

Januari 1536 kikafunguliwa Chuo cha Santa Cruz, Tlatelolco. Vijana wa Kinahua wakafundishwa Kilatini, na miongoni mwa walimu alikuwamo Mfransisko Bernardino de Sahagún. Tauni ya 1545 iliwamaliza watu. Sahagún aliandika kwamba alizika zaidi ya 10,000 hapo Tlatelolco.

Baadaye mwalimu akawa mwanafunzi. Huko Tepepulco Sahagún aliketi na wazee akiwauliza habari za miungu, dawa, ndege na masoko. Wazee walijibu kwa michoro, na vijana waliosomea chuoni wakaandika maelezo chini yake. Yeye mwenyewe aliwataja: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, Martín Jacobita wa Tlatelolco, Alonso Vegerano na Pedro de San Buenaventura wa Cuauhtitlan. Kazi hiyo ikazaa vitabu 12: Kihispania safu ya kushoto, Kinahuatl kulia, na michoro kama 2,500. Tauni ilirudi mwaka 1576 kazi ikiendelea. Ukifika kitabu cha mwisho, kile cha vita vya Wahispania, karibu michoro yote ni wino mweusi mtupu.

Mwaka 1577 Mfalme Felipe wa Pili aliamuru maandishi ya Sahagún yakusanywe yapelekwe Hispania. Nakala ya vitabu hivyo 12 sasa iko Firenze, katika maktaba ya Laurenziana, na watu huiita kazi ya Sahagún. Bila wale wanne isingekuwapo. Anayeitaja, awataje na wao.