Darasa la Mlangoni

Mnamo mwaka 1729 kilipigwa chapa mjini Boston kitabu cha hesabu kisichotiwa jina la mtungaji, nacho kilifundisha kujumlisha na kutoa, kuzidisha na kugawanya, sehemu na desimali. Aliyekitunga alikuwa Isaac Greenwood, mudarisi wa kwanza wa kiti cha hisabati cha Hollis katika chuo cha Harvard, mtu wa akili nyingi ambaye kwa bahati mbaya alipenda chupa kuliko kiti, hata mwaka 1738 wakubwa wa chuo wakamwondoa kwa ulevi. Ulevi wake si muradi wetu. Muradi wetu ni kwamba mambo yale aliyowaandikia wasomi wa zama zake, yakihesabiwa kuwa elimu ya heshima yenye kustahili kiti chake chuoni, ndiyo aghlabu ya yale yanayofundishwa katika somo ambalo vyuo vya jamii vya Marekani huliita utangulizi wa aljebra, somo ambalo mwenye kulisoma hulipa ada kama wenziwe na asipate hata alama moja ya kuhesabiwa katika shahada yake. Nusu na theluthi zimebaki vilevile kwa takriban miaka 300, ilhali cheo cha mwenye kuzisoma kimeshuka kutoka sebuleni hadi uwani, na namna kilivyoshuka ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Wapo wanaodhani kuwa kumfundisha mtu mzima hesabu za chini ndani ya chuo ni uzushi wa siku za karibuni na dalili ya kuharibika kwa zama, lakini tarikh haiwaungi mkono. Chuo cha Yale kilianza kuwasharutisha waombaji wajue hesabu mwaka 1745. Harvard haikuwadai aljebra hadi mwaka 1820. Na Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipofungua milango yake mwaka 1849, wanafunzi wake wa mwanzo kabisa waliingia katika darasa la matayarisho, maadam katika jimbo lile changa la wakulima hawakupatikana vijana wa kutosha waliokuwa tayari kwa masomo ya juu. Kila chuo kilichotaka wanafunzi ilibidi kiwapokee kama walivyo, kisha kiwafundishe kile walichokosa. Aibu haikuwamo katika shughuli hiyo, ama ikiwa ilikuwamo, haikuandikwa katika cheti cha mtu.

Aliyeleta mgawanyo alikuwa William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago. Yeye aliona kuwa miaka miwili ya mwanzo ya masomo ya chuo ni kazi ya skuli, na kuwa chuo kikuu hasa kingefanya vyema kujishughulisha na utafiti na kuwaachia wengine mafundisho ya chini. Akashauriana na J. Stanley Brown, aliyekuwa mkuu wa skuli ya sekondari katika mji wa Joliet, na mwaka 1901 wanafunzi sita wakaanza kusoma masomo ya ziada katika jengo la skuli hiyo. Ndiyo asili ya Joliet Junior College, chuo cha umma kongwe kuliko vyote vya namna yake vilivyopo hata leo. California ikafuata kwa sheria ya mwaka 1907, iliyoziruhusu skuli za sekondari kuendelea kuwafundisha waliohitimu. Kwa hiyo chuo cha namna hii kilizaliwa kwa nia ya kukipunguzia chuo kikuu mzigo, na jambo hili halifai kusahauliwa, kwani mzigo ulioshushwa pale juu ulikuwa lazima utue mahali.

Ulitua baada ya Vita Vikuu vya Pili. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani haki ya kusomeshwa kwa fedha za serikali, wakaja watu ambao wazee wao hawakupata hata kuota chuo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo hivi vienee nchi nzima na ikalieneza jina la vyuo vya jamii. Na mwaka 1960 California ikapitisha mpango wake mkuu, ambao uliwagawa wanafunzi katika mafungu matatu, fungu la juu likaenda katika chuo kikuu cha jimbo, la pili katika vyuo vya kati, na mlango wa vyuo vya jamii ukawa wazi kwa kila aliyeweza kufaidika na masomo. Katika muongo ule vyuo vipya mia kadhaa vilifunguliwa. Kisha mwaka 1970, baada ya migomo ya wanafunzi weusi na wa Puerto Rico, vyuo vya mji wa New York navyo vikawakubali wote waliomaliza sekondari. Wakati huo vyuo vya New York havikutoza ada. Viliendelea hivyo hadi 1976, na vyuo vya jamii vya California hadi 1984. Msomaji na aiweke moyoni miaka hiyo miwili.

Mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, mitihani ya kuingilia haikuwa na kazi, na badala yake ukazuka mtihani wa kupangia madarasa. Mtu alifika kujiandikisha, akaketishwa mbele ya karatasi, na miaka ya baadaye mbele ya kompyuta, akajibu maswali kwa muda usiotimia asubuhi moja, kisha akaambiwa nafasi yake. Ngazi aliyowekewa ilikuwa aghlabu na vidato vinne kabla ya hisabati yenye kuhesabiwa: hesabu za kawaida, utangulizi wa aljebra, aljebra ya mwanzo, aljebra ya kati, na kila kidato kilichukua muhula mzima. Mwenye kuwekwa chini kabisa alikuwa na miaka miwili ya kupanda kabla ya kuanza safari aliyoijia. Mwaka ule ule wa 1960 mtaalamu wa elimujamii Burton Clark, aliyekichunguza chuo kimoja cha San Jose, alikuwa amekwisha kueleza jinsi vyuo hivi vinavyompokea kila mtu kisha vikampooza tamaa yake polepole, bila ya kumfukuza, mpaka mwenyewe akaridhika na kilicho chini ya alichokitaka. Sidhani kuwa walimu wa hesabu walikuwa na nia hiyo. Bali ngazi iliifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Ndani ya darasa lenyewe mambo ni haya: namba chanya na hasi katika mstari wa namba, sehemu zenye asili tofauti, desimali, asilimia, uwiano, kisha katika majuma ya mwisho milinganyo miepesi yenye herufi moja. Ni machache, nayo si mepesi kwa aliyekwisha kuyasoma mara mbili au tatu akayashindwa. Mwaka 2010 James Stigler na wenzake wa Los Angeles waliwauliza wanafunzi wa madarasa haya swali moja: ikiwa *a* ni namba kamili chanya, ipi kubwa, *a* kugawanywa kwa 5 au *a* kugawanywa kwa 8? Waliojibu sawasawa walikuwa takriban nusu, yaani sawa na watu wanaorusha sarafu. Mwingine alipoombwa ahakikishe kuwa 462 na 253 ni 715, alitoa 253 akapata 462, vizuri kabisa. Alipoulizwa kama angeweza badala yake kutoa 462, hakujua, kwani alifundishwa kuitoa namba ya pili. Huyu si mjinga. Ni mtu aliyepewa kanuni kwa miaka mingi pasipo kuambiwa sababu zake, akazihifadhi kama zilivyo, na nyingine zikamwagika njiani. Nacho chuo kikampa kanuni zile zile tena, kwa haraka zaidi.

Wenzetu wasemao Kiswahili nao wameketi katika madarasa haya. Wakongo wengi waliohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwenda katika miji kama Louisville, wamesomeshwa kwa Kifaransa au kwa mitaala ya Kifaransa, na huandika tatu na nusu kwa alama ya mkato, 3,5, mahali Mmarekani anapotia nukta. Na katika kugawanya humweka mgawanyaji upande wa kuume, ambapo mwalimu anamtazamia kushoto. Mtu wa namna hii aweza kujua hesabu yote na bado akapangiwa kidato cha chini. Mtanzania naye huja na MAGAZIJUTO yake, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akamkuta Mmarekani amehifadhi sentensi ya kumwombea radhi shangazi aitwaye Sally, ambayo hutanguliza kuzidisha. Mbele ya 12 ÷ 3 × 2 Mtanzania hupata 8, ndiyo haki, na mfuasi wa Sally, asipokumbuka kuwa matendo hayo mawili yana daraja moja na hufuatwa kutoka kushoto, hupata 2. Mbele ya 10 − 4 + 3 wote wawili, wakitanguliza kujumlisha, huweza kutumbukia katika shimo moja.

Kuhusu mashine zilizoletwa kufundishia hesabu hizi sitakawia. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Virginia Tech kilipanga kompyuta takriban 500 katika jengo lililokuwa duka kubwa, na mwanafunzi aliyekwama aliweka kikombe chekundu cha plastiki juu ya kompyuta yake ili msaidizi amwone. Vyuo vya jamii kadhaa, hasa katika jimbo la Tennessee, vikauiga mtindo huo kwa hesabu za chini. Inasemwa sana kuhusu kompyuta. Mimi nakisifu kikombe.

Kilichoitikisa ngazi ni takwimu. Thomas Bailey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2010 kuwa chini ya nusu ya waliopelekwa katika masomo ya matayarisho ndio walioyamaliza, na kuwa wengi waliopotea hawakufeli somo hata moja, bali hawakujiandikisha katika kidato cha kwanza, au kati ya kidato na kidato hawakurudi. Miaka miwili baadaye Judith Scott-Clayton akaonyesha kuwa mtihani wenyewe wa kupangia huwaweka pasipo pao watu takriban mmoja katika kila wanne upande wa hisabati. Wengine wakauliza kwa nini muuguzi, ambaye aushi yake atapima dawa kwa uwiano, azuiliwe na aljebra, elimu ambayo al-Khwarizmi aliiandikia kitabu huko Baghdad katika karne ya 9 kwa haja za watu katika mirathi, wasia na biashara. Florida ikafanya masomo haya kuwa hiari kwa wengi kwa sheria ya mwaka 2013. California kwa sheria ya mwaka 2017, iliyotiliwa nguvu mwaka 2022, ikavitaka vyuo vitazame alama za sekondari na kumwingiza mtu moja kwa moja katika hisabati yenye kuhesabiwa, na msaada pembeni. Na hapo utangulizi wa aljebra ukafutika katika orodha za vyuo vingi.

Naikubali sheria hiyo kwa kijana wa miaka 18. Lakini mwanamke aliyeacha skuli akiwa na miaka 14 na kurudi akiwa na 45, hana alama za kutazamwa, naye hasa ndiye aliyelihitaji darasa hili na kulipenda. Kwa ajili ya watu wa mfano wake walimu wawili wa Santa Ana College, huko California, Lynn Marecek na MaryAnne Anthony-Smith, walitoa mwaka 2015 kitabu cha utangulizi wa aljebra ambacho kila mtu aweza kukipata bure, miaka miwili tu kabla ya jimbo lao kuliondoa somo njiani. Mwanamke huyo amebakiwa na madarasa yasiyo ya shahada, ambayo vyuo vya California huyaendesha bila ada, kama ilivyokuwa kwa masomo yao yote kabla ya 1984. Tofauti ni kuwa sasa hakuna anayelazimishwa kuyapitia.