Viraka vya leso: namna ya kushona mfarishi kwa mabaki ya nguo

Mama alipofariki tulifungua sanduku lake, tukakuta leso arubaini na kitu. Zilizokuwa nzima, warithi waliridhiana: nyingine tukagawana, nyingine tukazitoa sadaka. Zikabaki kumi na moja zilizochakaa. Moja imepasuka katikati, nyingine imeungua kwa pasi. Nguo mbovu haitolewi sadaka, na dada yangu mkubwa akasema heri zichomwe kuliko kugeuzwa matambara ya kupangusia meza. Nikamwomba anipe mwaka mmoja. Haukuisha, mfarishi ukawa tayari. Wengi wameniuliza nilivyofanya, basi nawaandikia hapa.

Kwanza, wako wanaodhani kuunga viraka ni mambo ya kizungu. Leso yenyewe ilianza kwa kuungwa. Jina lake limetokana na neno la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora, wakakata sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuleta nguo nzima iliyochapishwa.

Ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasiddi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa utumwani. Wanawake wao hushona kwa mkono mfarishi uitwao kawandi. Hutandika sari kuukuu iwe mgongo, huanza kupachika viraka ukingoni, kisha huzunguka mpaka wakutane katikati. Kwenye pembe nne hutia vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanavyoviita phula, yaani maua. Huko Marekani nako, wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi ya nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Whitney, New York.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza mfarishi wa mtoto.

Chagua. Pamba iende na pamba. Ukichanganya na nailoni, pasi itakuharibia, na kitambaa kimoja kitarudi kikifuliwa na kingine kisirudi. Kama huna leso kuukuu, mwombe fundi wako akuwekee mabaki badala ya kuyatupa.

Fua kabla ya kukata. Hili nimejifunza kwa hasara. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona kwa vitambaa vipya bila kuvifua. Siku ya kwanza kuingia majini, wekundu wote ukahamia kwenye weupe. Sugua kitambaa kwa pamba nyeupe iliyoloa. Ikitoka na rangi, kifue peke yake mpaka kiache.

Kata. Chora mraba wa inchi 5 kwenye kadi ngumu, uutumie kuwa kipimo cha vipande vyote. Utahitaji vipande 80: minane upana, kumi urefu. Ukishona kwa kuacha robo inchi kila upande, kila mraba utabaki inchi 4 na nusu, na uso wa mfarishi utakuwa inchi 36 kwa 45.

Panga sakafuni kabla ya kushona. Tawanya rangi nzito, kisha simama mbali uangalie. Shona mistari kumi ya vipande vinane, ipige pasi, ndipo uiunge mstari kwa mstari.

Tandika tabaka tatu. Chini weka leso iliyo nzima, katikati shuka kuukuu, juu uso wa viraka. Kwa joto letu shuka yatosha. Pamba nene waachie wa bara. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje ili nguo isijikunje, kisha shona mistari ipitayo tabaka zote. Leso huwa na kiasi cha sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo itazidi pande zote. Punguza ibaki inchi 2, ikunje mara mbili ije juu, uishone. Huo ndio upindo, wala huhitaji kununua utepe.

Vijipande vilivyobaki usitupe. Vikubwa kidogo hutosha kishikio cha sufuria. Vidogo kabisa jazia mto, au wape watoto wabandike kwa gundi kwenye kadi watengeneze picha ya jahazi: pindo la leso hufaa kwa mawimbi.

Neno moja kuhusu nguo za marehemu. Usikate kabla ya kukubaliana na ndugu zako, maana iliyokatwa hairudi. Mimi nilikubaliana na dada, lakini niliharakisha: leso aliyoipenda mama nilipitisha mkasi katikati ya jina lake. Dada alipouona mfarishi, alitafuta maneno hayo kwa kidole, akakuta nusu huku na nusu kule. Hakunilaumu, ila alinyamaza kwa muda mrefu. Kwa hiyo jina la leso likate likiwa zima, ulitie katikati ya mfarishi, kisha uunge vingine kulizunguka.

Mfarishi uko kwake sasa. Anaulalia mjukuu wake.